Skrubu, Maji na Kurasa Arobaini Zilizochomoka

Nilikuwa nimetoka River Road kununua elbo tatu na tepu ya bomba. Nikikata kuelekea Tom Mboya, nikamkuta kijana ametandaza vitabu juu ya turubai. Maduka ya aina hiyo wengi hapa Nairobi huyaita "inama", kwa kuwa usipoinama huoni kitu. Mimi magoti yangu yameshachoka kuingia chini ya sinki za watu tangu mwaka 1989, kwa hiyo nikiinama mahali huwa sisimami mikono mitupu.

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo. Kilichonivuta ni picha ya mzungu aliyevaa kioo kwenye jicho moja na ua kifuani, halafu chini yake maneno kwamba utajiri wake ulitokana na skrubu. Fundi hapiti hapo. Kijana akaitisha mia tatu, nikamwambia mia, tukakubaliana mia na hamsini. Akanifungia kwa gazeti. Kufikia hapo huduma ilikuwa safi: hakunisukuma, na aliniachia dakika kumi nzima nisome bure.

Mtu mwenyewe ni Joseph Chamberlain, mwanasiasa wa Uingereza. Alizaliwa London mwaka 1836, na akiwa na miaka 18 akapelekwa Birmingham kusimamia fedha za baba yake katika kiwanda cha skrubu cha mume wa shangazi yake. Hapa kitabu ni kitamu sana kwa mtu wa kazi za mikono. Zamani skrubu ilikuwa butu mbele, lazima utoboe tundu kwanza. Wamarekani wakavumbua mashine ya kuichonga ncha, nao akina Chamberlain wakanunua haki ya kuitumia Uingereza. Viwanda vidogo vikafa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1874, akiwa na miaka 38, Chamberlain akauza sehemu yake na kuachana na biashara kabisa.

Wakati huo alikuwa tayari meya wa Birmingham, tangu 1873. Sura ya umeya nimeisoma mara tatu. Moja ya mara hizo nilikuwa nimekaa juu ya tangi la mteja wa mtaa wa Umoja, nikisubiri maji ya zamu ambayo hayakufika. Birmingham ya siku zile maji yalikuwa ya kampuni binafsi, na maskini wengi walichota kwenye visima vilivyoingiliwa na uchafu wa vyoo. Meya akashawishi baraza la mji linunue kampuni mbili za gesi, kisha na ya maji. Ila alitenganisha hesabu: gesi ilete faida ya kujengea mji, maji yasitafutiwe faida. Mimi nimeunganisha mabomba kwenye ploti ambazo mwenye nyumba anawauzia wapangaji wake maji kwa mtungi, na nikasoma sentensi hiyo kwa sauti mpaka mlinzi akaniuliza kama niko salama huko juu.

Mwandishi hafichi upande wa pili, na hilo limenipendeza. Meya huyohuyo alibomoa vibanda vya katikati ya mji kufungua barabara pana ya maduka, Corporation Street, na maskini waliobomolewa baraza halikuwajengea pengine. Tingatinga tunalijua hata sisi.

Basi nafika ukurasa wa 184. Ni Januari 1885, bwana huyu ni waziri kwa Gladstone, waziri mkuu wa chama cha waliberali, anawauliza matajiri hadharani watalipa fidia gani ili mali yao iwe salama. Wafuasi wake wanataka kibarua wa shamba apewe ekari tatu na ng'ombe. (Mke wangu akacheka: "Huyo alikuwa anagombea Kinangop?") Nafungua ukurasa unaofuata, ni wa 225, na mtu wangu ameketi na akina Salisbury wa chama cha wahafidhina, mabwana walewale aliokuwa akiwatukana! Ni kama kusinzia kwenye matatu ya Kayole ukaamka Machakos.

Jumamosi nikarudi. "Mzee wangu," kijana akasema, "vitabu vya inama havina risiti." Lakini hakunifukuza. Ana katoni ya kurasa zilizochomoka, na akaahidi kupekua. Baada ya wiki mbili akanipigia simu: amezipata, zimefungwa kwa raba, niongeze hamsini. Hapo ndipo nilipokasirika. Kununua kitabu kimoja mara mbili! Nikalipa, kwa sababu alijua nitalipa. Zilikuwa zimepangwa ovyo, na moja ina duara la kikombe cha chai.

Kumbe jibu lilikuwa Ireland. Gladstone alitaka kuwapa Wairishi bunge lao, Chamberlain akajiuzulu, na Juni 1886 yeye na waliberali wengine wakapiga kura pamoja na wapinzani. Jumla walikuwa 93. Mswada ukaanguka na chama kikapasuka. Aliyetaka kumpa kibarua ekari tatu hakukubali Mwairishi apewe nchi yake. Kwangu anguko lake ni hapo, ingawa mwandishi analiweka mbali zaidi.

Maana baada ya hapo cheo kilipanda. Mwaka 1895 akawa waziri wa makoloni, vita vya Makaburu kule Afrika Kusini vikapiganwa akiwa kitini, na Desemba 1902 akapanda reli yetu kutoka Mombasa. Mwaka uliofuata akamwambia Theodor Herzl, kiongozi wa Wayahudi waliotafuta nchi yao, kwamba Wayahudi wanaweza kupewa ardhi huku Afrika Mashariki. Wenyewe waliita mpango wa Uganda, lakini eneo lililotajwa ni Uasin Gishu. Mkutano wao ukaikataa mwaka 1905. Shemeji yangu analima mahindi Moiben. Nilimsomea kipande hicho kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Alikuwa ameuliza nani?"

Mwisho wa kitabu unakimbia. Septemba 1903 anajiuzulu ili apiganie ushuru wa bidhaa za nje, anakipasua na chama cha pili, kile cha wahafidhina. Julai 1906, siku chache baada ya Birmingham kumsherehekea kutimiza miaka 70, anapigwa na kiharusi. Akaishi miaka minane akiongea na kutembea kwa shida, akafa Julai 1914. Kurasa tano tu kwa miaka hiyo minane. Ningeomba zaidi kuhusu hayo na kidogo kuhusu ushuru.

Kitabu nakipa nyota nne. Kijana nampa tatu: moja imekatwa na ile hamsini, nyingine na mpangilio wa kurasa. Ukienda, nenda asubuhi kabla jua halijakausha migongo ya vitabu, hesabu kurasa mbele yake, na uulize katoni kabla ya kulipa, si baada.

Zile kurasa arobaini nimezirudisha mahali pake kwa gundi ya PVC. Inanuka, lakini haivuji.