Uchambuzi: Ekskaveta ya 1:50, je, inafaa kugeuzwa kuwa ya mkono mrefu?

Habari zenu watazamaji, karibuni mezani. Leo tunachambua modeli ya ekskaveta ya tani 20 ya kipimo cha 1:50, zile za aloi ya zinki zinazouzwa zikiwa zimekamilika ndani ya boksi. Hatuiangalii kama pambo la kabatini. Tunataka kujua kama inafaa kufunguliwa yote na kujengwa upya iwe ekskaveta ya mkono mrefu, ile inayosimama ukingoni mwa mto au mfereji na kuzoa tope kutoka mbali.

Jibu langu ni ndiyo, inafaa sana, mradi ununue kwa kuangalia vitu vinavyostahili kuangaliwa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo itakayotuongoza hadi mwisho. Kwenye 1:50, milimita moja hapa mezani ni sentimita tano kule saiti. Kwa hiyo rangi yenye unene wa milimita 0.1, ambao ni rahisi kabisa kuufikia ukipuliza mara tatu nne kwa kopo, ni sawa na kuipaka mashine halisi rangi ya milimita 5. Ndiyo maana modeli nyingi zilizopakwa upya huonekana zimevimba: boliti zimezama, mistari ya milango imejaa. Fundi kazi yake ilikuwa safi, ila alisahau kugawanya kwa hamsini.

Sasa dukani. Modeli za 1:50 zipo nyingi. NZG na Conrad wa Ujerumani wamezitengeneza kwa miongo mingi, na kampuni nyingine zimefuata. Usilipe zaidi kwa sababu rangi inang'aa au maandishi ni makali, kwa kuwa utavitoa vyote. Bumu, yaani mhimili mkubwa unaotoka mwilini, na mkono, kile kipande cha pili kinachobeba ndoo, navyo utaviondoa. Vinavyobaki ni cheni za kutembelea, kabini, umbo la mwili na uzani wa nyuma unaosawazisha mashine, basi hivyo ndivyo vya kukagua. Cheni ziwe za chuma, zenye viungo vinavyojikunja kimoja kimoja, na ziwe na ulegevu kidogo upande wa juu. Cheni za mpira zilizonyooka kama mkanda wa suruali hazitibiki kwa bei nafuu. Shika mwili, uzungushe: ukitikisika juu ya kiti chake cha mzunguko, iache, kwa sababu mkono mrefu utauzidisha mtikisiko huo.

Kufungua. Chini ya mwili huwa kuna skrubu ndogo au ribiti. Kichwa cha ribiti kitoboe taratibu kwa biti ya milimita 3 au 4 mpaka kitoke, usiendelee ndani. Pini za bumu tazama ncha zake kwa lenzi: ncha moja ni laini, nyingine ina mistari mistari inayoshika chuma. Gonga kutoka upande laini, itokee upande wa mistari. Ukigonga kinyume utapasua sikio la bumu, kwani zinki haipindi, inakatika. Silinda, yale mabomba yenye fimbo zinazosukuma bumu, mkono na ndoo, zitunze zote.

Kutoa rangi ya zamani: toa kwanza kila kipande cha plastiki, vioo, reli na taa, halafu loweka chuma ndani ya asitoni kwenye chombo cha kioo chenye kifuniko. Fanyia nje, glavu mkononi, na pasiwepo moto karibu. Usitumie magadi makali ya kuzibulia mabomba. Yanakula zinki na kuacha uso wenye vishimo. Ukimaliza osha kwa sabuni, kausha, kisha praima ya chuma inayoshika zinki, ya epoksi au ile ya asidi inayojing'ata kwenye chuma. Rangi ya mafuta ya kawaida ikipakwa juu ya zinki tupu haidumu, inaanza kumenyuka yenyewe hata bila kuguswa.

Sasa bumu, na hapa tutakaa kidogo.

Ekskaveta ya kawaida ya tani 20 ina bumu la mita 5.7 hivi na mkono wa mita 2.9. Ya mkono mrefu ina bumu la karibu mita 8.7 na mkono wa karibu mita 6.3, na inafika mita 15 na zaidi. Kwa kipimo chetu ni sentimita 17.4 na 12.6. Ndoo nayo inapungua: ile ya kawaida inakaribia meta moja ya ujazo, ya mkono mrefu ni kama nusu yake. Ukifunga ndoo ya zamani kwenye mkono mpya, yeyote aliyewahi kufanya kazi saiti ataona kosa kabla hujamaliza kumwonyesha.

Jenga kwa shiti za polistirini. Kuta za pembeni milimita 0.5, juu na chini milimita 1, liwe boksi tupu ndani. Upana upime kwenye bumu la zamani kwa kalipa, pale linapoingia mwilini, usikisie. Kila sentimita mbili weka kigawanyo cha ndani, la sivyo kuta zitabonyea ukianza kupiga msasa. Kisha toboa tundu dogo la milimita 1 upande wa chini na kila kigawanyo nacho ukitoboe. Sababu yake ni hii: gundi nyepesi ya majimaji ya polistirini inaunganisha kwa kuyeyusha plastiki, na mvuke wake ukifungiwa ndani unaendelea kuilainisha kwa siku nyingi. Leo bumu limenyooka, baada ya wiki chache limepinda na hakuna aliyeligusa.

Kwenye viungo pitisha vibomba vya brasi vyenye tundu la milimita 1.6 hadi 1.8, pini halisi za mashine hii zina kipenyo cha milimita 80 hadi 90, kwa hiyo hesabu inakubali. Vibomba vibandike kwa epoksi. Supa gluu peke yake inaachia ukizungusha.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini nisijenge yote kwa brasi iwe imara? Piga hesabu ya mizani. Tuseme mwili na cheni ni gramu 350, na kitovu cha uzito kiko sentimita 1 nyuma ya katikati. Ukigeuza bumu upande, modeli itapindukia kwenye ukingo wa cheni, sentimita 2.8 kutoka katikati. Upande wa mwili una 350 mara 3.8 (2.8 jumlisha 1), yaani 1330. Bumu la brasi la gramu 130, uzito wake ukikaa sentimita 13 kutoka katikati, lina 130 mara 10.2 (13 kutoa 2.8), yaani 1326. Hapo pumzi ya feni inatosha kuiangusha. La polistirini la gramu 40 lina 408 tu. Pima yako kwenye mizani ya jikoni, halafu ijaribu ikiwa imegeuzwa upande, siyo mbele, kwa kuwa pembeni ndiko kunakoanguka. Ukihitaji nyongeza, jaza madini ya risasi ndani ya uzani wa nyuma. Hata mashine halisi za mkono mrefu nyingi huongezewa uzani hapo.

Tatizo la pili ni mkono kushuka polepole wenyewe. Silinda za modeli zinashikilia kwa msuguano tu, na urefu umeongeza mzigo. Ingiza kipande kifupi cha ganda la mpira la waya ndani ya silinda ili kibane fimbo. Usibane kwa rangi, utakwaruza fimbo, na fimbo lazima ibaki inang'aa.

Mipira ya haidroliki, ile inayopeleka mafuta kwenye silinda, ndiyo inayotenganisha kazi nzuri na ya kubahatisha. Silinda ya mkono inahitaji njia mbili za mafuta, ya ndoo mbili. Kwa hiyo bumu linapandwa na angalau njia nne, na kwenye kiungo cha bumu na mkono zinavuka mbili tu, za ndoo. Modeli nyingi za kugeuza zina mipira minne inayoingia mkononi na kuishia hewani. Pia si yote iwe mipira: kando ya bumu ni mabomba ya chuma yaliyonyooka yenye vishikizo, mpira unatokea kwenye viungo pekee. Mabomba tumia waya wa milimita 0.6 hadi 0.8. Kwenye viungo, waya wa risasi wa kulehemu unakaa ulivyoupinda na unapendeza, lakini ukikunja mara kwa mara unakatika. Kama modeli itachezeshwa, chukua waya mwembamba wa nyuzi nyingi wenye ganda jeusi, na uache mzingo wa kutosha mkono ukiwa umenyooshwa kabisa. Pima ukiwa umenyooshwa, siyo umekunjwa.

Rangi: kompresa na tabaka jembamba, mbili zinatosha. Juu ya polistirini anza na ukungu mwepesi, maana thina kali ikimiminika inayeyusha kazi yako yote. Stika za maji zibandike juu ya vanishi inayong'aa, ndipo upulize isiyong'aa. Ukibandika juu ya uso usiong'aa, hewa inabaki chini yake na ukingo unaonekana mweupe. Kumbuka printa ya kawaida haina wino mweupe, hivyo maandishi meupe lazima ununue.

Tope nalo lina mahali pake. Mashine hii inakaa mbali na kazi yake, kwa hiyo tope liwe kwenye ndoo, kwenye theluthi ya chini ya mkono, na kwenye cheni. Kabini ibaki na vumbi tu. Kila pini izungushie grisi nyeusi kidogo, meno ya ndoo na kingo za pedi za cheni zing'ae. Udongo uchuje kwa soksi nyembamba ya kike, kwani punje ya nusu milimita hapa ni jiwe la sentimita mbili na nusu.

Ukiiweka kabatini, ndoo iguse chini. Bumu likikaa angani miezi mingi, viungo vinalegea na ule mpira wa ndani ya silinda unachoka mapema.