Likizo baada ya fom siksi: programu ya posho au kujitolea kata?

Kuna programu ya kufundisha vijana kuhamasisha jamii Arusha mjini, ina raha zake aisee, posho ipo, nauli ipo, unafundishwa kuongoza kikao na kupita nyumba kwa nyumba kusikiliza watu, na cheti juu. Ila wengine wanasaini mahudhurio afu wanashinda kwenye simu tu.

Kujitolea kwa mtendaji wa kata, tuseme kata ya Sombetini au Unga Limited, hela hamna, soda ukibahatika. Lakini huko ndo unakaa kwenye mkutano wa mtaa wenyewe, bibi anafoka mtaro umeziba, unasaidia machalii kuunda kikundi wakaombe ule mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye 10% ya mapato yake ya ndani, vijana wana 4% yao humo, na fomu ikikwama unajua imekwama meza gani. Kama nyumbani wanategemea uchangie unga chukua posho, mie nikiwa na nauli naenda kata.