Nililipia plagi nne kwenye gari la silinda tatu: Jumamosi zangu sita gereji, Nyakato, Mwanza

Nina Toyota Passo ya cc 996, huu mwaka wa tatu. Mwaka jana fundi mmoja aliniambia plagi zimekwisha, nikatoa hela ya plagi nne, nikaondoka nikishukuru. Jumamosi ya pili ya mafunzo, mzee anayetufundisha alifungua boneti akaniambia, "Haya dada, hesabu koili. Kila koili chini yake kuna plagi." Moja, mbili, tatu. Nikarudia. Tatu. Injini ile ina silinda tatu tu! Plagi ya nne ilifungwa wapi, nadhani anajua mwenyewe.

Kilichonipeleka pale ni safari. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwenda Sengerema kwa mama si tena habari ya foleni ya kivuko, nami nikajikuta naenda kila baada ya wiki mbili. Gari lililozoea Mabatini na sokoni likaanza kula barabara. Gereji hiyo inafundisha wenye magari, si wanaotafuta ufundi: saa tatu asubuhi hadi saa saba, shilingi 90,000 kwa Jumamosi zote sita.

Siku ya kwanza ilikuwa tairi. Nati zinalegezwa gari likiwa bado chini, ndipo jeki ipande, na jiwe liwekwe nyuma ya tairi lingine (mawe Mwanza hatuna shida nayo). Siku ya oili ndiyo iliyonitia aibu. Nyumba yangu iko mlimani, na stiki ya kupimia oili nilikuwa naisomea hapohapo mlangoni, gari limeinamia pua. Kumbe oili inajikusanya upande mmoja na stiki inadanganya. Sasa nashuka nayo hadi barabarani penye tambarare, nazima, nangoja kidogo, ndipo napima. Na lile galoni la lita 4 halimwagwi lote. Injini yangu inataka lita 3 na kidogo.

Lakini pesa yangu ilirudi siku ya rejeta. Passo yangu haina mshale wa joto. Ina taa ya bluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikizidi joto, basi. Mzee alitushikisha mfuniko wa rejeta tuibonyeze springi yake. Springi hiyo inabana presha, ndiyo maana maji ya ndani yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiufungua kukiwa na moto, presha inatoka, maji yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Alitusema pia kwa kuwaachia mafundi wang'oe themostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, eti nchi yetu ya joto. Injini inachelewa kupata moto wake, mafuta yanakwenda bure.

Mwezi uliofuata, natoka Sengerema, nakaribia Usagara, nyekundu hiyo. Nikaegesha, nikazima. Kijana wa bodaboda akaja mbio, "Mama, tufungue tumwagie maji!" Nikamwambia, "Acha mwanangu, tukae kwanza." Tulikaa kama dakika 40, ananiangalia kama mtu asiyejielewa. Injini ilipopoa nikakuta klipu ya paipu ya chini ya rejeta imelegea. Nikaikaza kwa bisibisi, nikajaza maji taratibu, nikafika nyumbani. Kesho yake nilikwenda kuweka kulanti ya kweli, yale maji maalumu ya rejeta.

Sasa malalamiko. Siku ya breki tulikuwa watu kumi na wawili kwenye gari moja, wanaume mbele, sisi akina dada tukapewa kushika tochi. Katikati akaja mteja ana haraka zake, mzee akatuacha zaidi ya saa nzima. Breki pedi sikuzigusa kwa mkono wangu. Tuliahidiwa siku ya kufidia, haikuja, na pesa haikupungua. Kwa kitu kinachosimamisha gari kwenye mteremko wa Bugando, hilo sijalisamehe. Karatasi ya kuondoka nayo hakuna pia. Nimeandika kila kitu kwenye daftari la hesabu la mwanangu, na mwalimu wake ameshauliza.

Ningelipa tena? Kwa Jumamosi nne za kwanza, ndiyo, bila kuuliza mara mbili. Breki bado napeleka kwa fundi, ila siku hizi nachuchumaa pembeni naangalia, na pedi za zamani naomba nipewe mkononi. Ukienda, nenda mapema usimame mbele, na usivae nguo unayoipenda. Gauni langu la siku ya kwanza sasa ni kitambaa cha kufutia stiki.