Siku 3 za kuchonga upinde wangu wa kwanza, Ipogolo

Kwa shilingi 60,000 nilijifunza kuchonga upinde katika karakana ya seremala mmoja wa Ipogolo, Iringa, na ninaipendekeza kwa yeyote ambaye hajawahi kushika randa. Fundi alikataa kunipa mti mbichi, kwani ukivutwa kabla haujakauka hubaki umejikunja. Akanichagulia mkole uliokwisha kukauka kivulini. Alinikataza kabisa kugusa mgongo, yaani upande unaotazama shabaha, kwa sababu nyuzi za mti zikikatwa hapo ndipo upinde huvunjikia. Kazi yote ya tupa ilifanyika tumboni, yaani upande unaomtazama mpigaji. Kuifanya mikono yote miwili ya upinde ipinde sawasawa kulichukua siku nzima: nivute kidogo, nitazame ni wapi pamekakamaa, niparue mara 3 au 4, nivute tena, huku mzee akiniambia, “Taratibu, mwanangu, ukishapunguza huwezi kurudisha.” Upote, yaani kamba ya upinde, ndio ulionisikitisha, maana tulipewa kamba ya nailoni, ambayo hurefuka ikivutwa, na kwa ada ile tulistahili ya katani iliyosokotwa vizuri. Upinde wenyewe umekwisha kurusha mishale mingi bila kupata ufa.