Plagini ya kodi za muziki: tamu leo, kesho ukifungua projekti ni balaa

Nianze na kijana wa huduma kwa wateja, maana yeye ndiye kanipandisha hasira. Nilimwandikia kistaarabu, na picha ya skrini nikaambatanisha, kwamba plagini yao, kile kiprogramu cha kuongezea kwenye programu ya kurekodia muziki, inasahau chaneli za midi, yaani njia za kupelekea kila chombo amri zake, kila nikifunga projekti. Akanijibu kwa voisi, anacheka: "Kaka, si uko Mtwara? Hiyo laptop si ya kupigia hesabu za korosho kweli?"

Laptop hiyo inarekodi kwaya nzima. Korosho na midi wapi na wapi?

Tatizo lenyewe hili hapa. Plagini inakaa traki ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa kurekodia. Unabonyeza kidole kimoja, yenyewe inatoa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), besi na mdundo, kila kimoja kwa chaneli yake, halafu wewe unaelekeza: kinanda kisikilize chaneli ya 1, vayolini ya 2, besi ya 3, ngoma ya 10. Midi haibebi sauti, inabeba amri tu: noti gani ipigwe, kwa nguvu gani, iachiwe lini. Nikishapanga, inapiga mpaka raha. Nahifadhi, nazima, nalala. Nikiwasha tena, vyombo vyote vimerundikana chaneli ya 1.

Sasa besi inapiga kodi nzima, inanguruma kama fuso kwenye mchanga. Ngoma ndiyo usiseme. Kodi ya C ya katikati kwenye midi ni noti namba 60, 64 na 67, na kwenye mpangilio wa kawaida wa dramu, namba hizo ni bongo, konga na agogo. Zote zinapigwa kwa mpigo mmoja, kila kodi inapobadilika.

Hayo ndiyo aliyoyakuta mama mmoja wa kikundi cha ngoma, kaja na bodaboda kutoka Naliendele, na mabinti zake wawili wa kuitikia. Biti nilikuwa nimemsifia kwenye simu. Feni nimezima kwa ajili ya maiki, jasho linatutoka. Nabonyeza, inatoka ile fujo. Mama akavua miwani: "Mwanangu, hii sindimba au gari limeanguka?" Nikasimamisha haraka; vayolini ikagoma kunyamaza. Amri ya kuachia noti haikufika, ikabaki inalia peke yake mpaka nikabonyeza kitufe cha kuzima noti zote. Mabinti wakacheka hadi wakakaa chini. Midi ipo tangu 1983, jamani, kukumbuka namba ya chaneli imekuwa sayansi ya roketi?

Ila haki ya mtu usiifiche. Nilipanga upya mbele yao, tukarekodi, na mama yule aliimba huku mabega yanacheza. Biti nzuri kama ile sijatengeneza tena mpaka leo. Kwa jioni ile pekee ningetoa nyota nne, labda na nusu.

Na dawa nimeipata, siyo kwao. Kabla ya kuhifadhi, narekodi midi inayotoka, kila chombo kwenye traki yake, kisha plagini naizima. Haipotei kitu. Lakini mteja akisema kodi moja ibadilike, nazunguka traki nne kuhamisha noti kwa mkono, na kazi hiyohiyo ndiyo niliyotolea hela ili nisiifanye! Nyota nne za nini? Mbili, tena ya pili naitoa kwa heshima ya mama.

Nilikuwa naishia hapo kwenye mbili. Juzi yule kijana katuma meseji. Tatizo langu hata hajaligusa. Anauliza korosho zilizobanguliwa huku ni bei gani kwa kilo, na kama naweza kumpakilia kwenye basi la Dar.

Nyota moja.