Theluji ya Mtwara: yaliyonikuta kwa wakala wa cheti cha droni

Niliwalipa watu waniandikie kitabu cha taratibu, wakaniandikia theluji.

Naanzia hapo kwa sababu ndipo damu inapochemka. Kampuni yetu ni ndogo, ipo Mtwara mjini, watu watatu na pikipiki moja. Tulitaka cheti cha kurusha droni kibiashara ili tupulizie mikorosho dawa ya maji kule Tandahimba na Newala. Droni yenyewe siielezi, habari zake zimejaa kila mahali. Usajili wa kampuni BRELA, namba ya mlipa kodi (TIN), bima, kibali cha Wizara ya Ulinzi, hivyo nilihangaika navyo mwenyewe na nikavipata. Kikabaki kitabu. Wengi hatujui: leseni ya rubani ni ya mtu, cheti hiki ni cha kampuni, na kampuni hujieleza kwa maandishi kwanza. Nani anawajibika, upepo ukizidi mnafanyaje, watoto wakiingia shambani nani anasimamisha kazi, betri ikivimba inawekwa wapi. Kurasa zaidi ya 100, Kiingereza kitupu. Nikaona heri nitafute wakala wa Dar.

Simtaji. Bei yake ni magunia kadhaa ya korosho.

Wiki kadhaa kimya. Kisha usiku mmoja faili likaingia: "Tayari bosi, saini tuwasilishe." Nikasaini. Mikorosho ilikuwa inakaribia kutoa maua, nani ana muda?

Likarudi. Mkaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga alinipigia simu mwenyewe, kwa upole kabisa: "Samahani, Mtwara huwa inaanguka theluji?" Nikadhani ananitania. "Fungua ukurasa wa 41. Mmeandika namna ya kuondoa barafu kwenye mapangaboi kabla ya kuruka."

Wallahi ipo. Na namba ya zimamoto ya nchi za watu. Korosho haikutajwa hata mara moja. Jina letu limebandikwa juu ya jina la kampuni nyingine, na karibu na mwisho wamesahau hata kulifuta.

Nikampigia wakala. Akapokea dada mmoja, sijamaliza sentensi kanikatisha: "Kaka, wewe mambo ya anga unayajua? Hizo ni taratibu za kimataifa. Wateja wa mjini hawasumbui hivi."

Wateja wa mjini! Sisi wa Kusini tunaishi porini, siyo? Nikamwambia huku theluji tunayoijua ni ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kwenye maua ya mikorosho. Akauliza, "Ubwiri nini?" Akakata.

Nikapanda basi la alfajiri. Kilomita zaidi ya 500, Mingoyo, Nangurukuru, Somanga, magoti yanagonga siti ya mbele, njia nzima napanga maneno. Nilikuwa nataka hela yangu, basi.

Mwenye ofisi, mzee mstaarabu, alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akageuza ukurasa wa kwanza wa kitabu, akauweka mbele yangu. Umeandikwa kwamba mimi, meneja mwajibikaji, nimekisoma chote na nimekielewa. Saini yangu, imenyooka vizuri kabisa.

Maneno yote niliyoyapanga tangu Nangurukuru yakaniishia mdomoni.

Hela sikudai. Akaniitia kijana wa nyuma kule, tukakaa naye siku mbili tunaandika upya. Kijana ni fundi, lazima niseme. Aliuliza upepo wa bahari unabadilika saa ngapi, wapuliziaji wanakunywa maji ya wapi, njia za miguu zinakatiza mashamba wapi, nani anawaambia majirani waondoe mizinga ya nyuki. Mambo ambayo mimi mwenye kampuni sikuwa nimeyafikiria. Kitabu kikapita.

Lakini kilipita maua yameshageuka korosho. Mzee mmoja wa AMCOS, ushirika wa wakulima, bado akiniona ananiuliza, "Mjomba, kale kadude kako kanaruka lini?" Msimu ule walipulizia kwa mashine za mgongoni kama kawaida, nami cheti kikawa ukutani kinashika vumbi.

Kwa hiyo nyota moja. Hapana, mbili, ya pili ni ya kijana. Mzee naye hakuwa mbaya, pengine tatu... Ila nikikumbuka "wateja wa mjini" nairudisha moja, maana yule dada mpaka leo hajaomba radhi, na kosa la kusaini ni langu lakini theluji sikuileta mimi. Mbili.

Ukilazimika kwenda kwao, usipige simu. Nenda ukae na yule kijana wa nyuma, mbebee chapati, maana hali mpaka kazi iishe.