Kasha la ORS na zinki: dawa sina shaka nayo, kifungashio ndicho kinachosumbua

Kasha ninalolipitia hapa huuzwa katika maduka ya dawa muhimu, na ndani yake mna pakiti mbili za unga wa ORS, yaani chumvi na sukari za kumrudishia anayeharisha maji aliyopoteza mwilini, kila moja ya kuchanganywa na lita moja ya maji, pamoja na vidonge 10 vya zinki vya miligramu 20. Kuwekwa pamoja ndiyo sifa yake kubwa, kwa sababu vikiuzwa mbalimbali mzazi huondoka na ORS peke yake, ilhali Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza tangu mwaka 2004 kwamba mtoto anayeharisha apewe vyote viwili.

Unga wenyewe hauna la kulaumiwa. Glukosi iliyomo haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Ndiyo inayoivusha chumvi kwenye ukuta wa utumbo, na maji yakaifuata, hata mtoto akiwa bado anaharisha. Kwa hiyo vipimo vyake havichezewi. Anayemimina pakiti nzima kwenye kikombe kimoja akidhani anaongeza nguvu ya dawa humnywesha mtoto chumvi inayoweza kumdhuru, na anayezidisha maji huipunguzia dawa kazi yake. Sasa, ni nyumba ngapi zina chombo cha kupimia lita moja kamili? Chupa kubwa za maji madukani kwetu nyingi ni za lita moja na nusu, na hilo pekee linatosha kumpoteza mtu. Njia niliyoiona nyepesi ni kuchukua chupa ya nusu lita, kuijaza mara mbili maji safi na salama, na kuyachanganya kwenye jagi lenye mfuniko.

Lita hiyo pia ni nyingi. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, kwa kijiko, polepole, na kinachobaki baada ya saa 24 hakina budi kumwagwa. Nchini Zambia kulitengenezwa Kit Yamoyo, yenye pakiti za mililita 200 na kifungashio ambacho chenyewe ndicho kipimo cha maji. Sioni kwa nini watengenezaji wa kasha hili wasiige.

Zinki haina usumbufu mkubwa. Kidonge huwekwa kwenye kijiko chenye maji kidogo au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kikayeyuka chenyewe bila kusagwa. Mwanzoni ni kitamu, kisha huacha ladha ya chuma mdomoni, na mtoto hukunja uso. Mwenye umri wa chini ya miezi sita hupewa nusu kidonge. Wengi huacha mara choo kinapokuwa kigumu, na hapo hujipunja, maana dozi ni ya siku 10 hadi 14, na faida yake mojawapo ni kupunguza uwezekano wa mtoto kuharisha tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata.

Karatasi ya maelezo ndiyo iliyonikera zaidi: michoro ni mizuri, lakini maandishi ni ya Kiingereza na ni madogo mno, na dalili za hatari zimesukumwa mwisho kabisa. Damu kwenye choo, macho kudidimia, kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, na kulegea kupita kawaida ni mambo ya kumpeleka mtoto hospitali mara moja, na yalistahili kuandikwa juu ya kasha kwa Kiswahili. Muuzaji naye aliniongezea antibiotiki bila kuuliza kama kulikuwa na damu, ingawa kuharisha maji kwa kawaida hakuhitaji dawa hizo. Nilizirudisha.

Pamoja na kasoro hizo, ningelinunua tena. Omba kasha zima badala ya pakiti moja moja, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, na uziminye pakiti kwa vidole kabla ya kulipa: unga uliogandamana umeshaingiwa na unyevu, kwa hiyo omba kasha jingine.